Chaki ya Mama Mfagiaji

Mama mfagiaji wa nyumba ya ibada hukamua tambara mara mbili, hupangusa mikono kiunoni, kisha hutazama ukuta. Kila mafuriko yakipita huchora mstari wa chaki pale maji yalipofika. Ipo mitatu, na wa juu unamfika kifuani. Siku mheshimiwa alipokuja kutoa pole, akasema, "Ndugu zangu, haya ni mapenzi ya Mungu." Mama akaendelea kukamua. "Mungu usimsingizie, baba," akasema kwa sauti ileile ya kufukuzia kuku. "Yeye kaleta mvua tu. Mtaro mliahidi kuuzibua tangu mstari wa kwanza." Waumini wakaitika, "Amina!" Hakuna aliyempisha mheshimiwa mlangoni mpaka alipopiga simu, na kabla jua halijazama katapila lilikuwa mtaroni. Mvua iliyofuata ilinyesha siku tatu. Mama akatoa chaki, akakosa pa kuchora, akacheka mpaka ndoo ikamponyoka.