Mstari wa Saga Kando ya Reli

Mwezi wa tano, mvua ya masika ikielekea kuisha, mtaa wetu wa Makongeni ulikuwa hautambuliki. Nyasi zilifika kwenye mataruma ya reli, na asubuhi mvuke ulitoka ardhini polepole, nami nikatembea ndani yake kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Ndivyo ninavyoikumbuka Jumamosi ile ya chama cha mazingira cha shule yetu, miaka ya tisini, nikiwa msichana wa darasa la sita. Nusu naiona, nusu naiota.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa amepanga tukatembee kando ya reli, kila mmoja achume ua moja la mwituni, kisha tule pamoja na wazazi kwenye ukumbi wa mtaa, kila nyumba na sufuria yake.

Mama alichagua kupika saga, ile mboga chungu ya majani. Baba alifanya kazi ya reli, na sisi watu wa reli tulilima vipande vyetu kando ya njia bila kuuliza mtu. Mbegu ya saga ya Mama ilitoka magharibi mwa nchi, kwa mamake, imefungwa kwenye pindo la leso. Mamake alikuwa amefariki Krismasi iliyotangulia, na shamba lake likagawanywa na kupandwa miwa. Basi Ijumaa Mama aling'oa saga yote ya karamu, akabakiza mstari mmoja mfupi uliokwisha kutoa maua, ukomae, apate mbegu. Kila msimu alifanya hivyo, akipanda mbegu yote aliyokuwa nayo, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Tulitembea bila haraka. Kulikuwa na maua ya manjano kila mahali, na mengine ya zambarau, madogo mno, hadi upige magoti ndiyo uyaone. Nilisahau tunaelekea wapi. Halafu nikauona mstari wa Mama, umechanua maua meupe tupu, nyuzi zake ndefu zikicheza kwenye upepo. Sikuwahi kuuona ukipendeza hivyo.

"Wee, cheki hizi!" msichana mmoja akapiga kelele. "Madam, kuja uone!"

"Mmoja mmoja, msisukumane," mwalimu akasema.

Wengi wao walikula saga kila wiki, lakini ya sokoni huja ikiwa majani matupu. Ikishatoa maua hakuna anayeinunua, kwa hiyo hawakuijua. Mimi niliijua. Ningesema neno moja tu. Lakini wiki hiyo hiyo walikuwa wamemcheka mwenzetu kwa sababu mamake hulima relini, wakamwita mshamba, na mimi nikacheka nao. Nilisimama pale nikisikia mashina yakikatika, hadi mstari ukaisha. Mpaka leo najikasirikia.

Ukumbini maua yalitiwa kwenye mikebe, yakapangwa mezani. Mama akaingia na sufuria yake imefunikwa kwa leso, saga iliyolala kwenye maziwa usiku kucha, na harufu yake ikawafanya watu wasogee.

"Mama, umeona maua ya watoto?" mwalimu akamwuliza kwa furaha. "Yamejiotea tu huko relini!"

Mama aliisogelea meza. Akashika shina moja, akabinya ganda lililokuwa chini ya ua. Lilikuwa bado bichi, mbegu hazijakomaa.

"Ni mazuri, mwalimu," akasema.

Akaanza kupakulia watoto, mmoja baada ya mwingine, akimwuliza kila mmoja ua lake ni lipi. Wakamwonyesha kwa fahari, naye akawasifu. Nilitamani foleni isinifikie.

"Na lako?"

"Sikuchuma, Mama."

"Hata moja?"

Nilitikisa kichwa. Mtoto mzima wa chama cha mazingira, mikono mitupu, katika msimu wa maua. Nikaona ameelewa kwamba nilijua nikanyamaza, na hapo nikatamani ningekuwa nimechuma kama wengine.

Alinipakulia nyingi kuliko wote.

"Kula, mama," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kula umalize. Hii ya nyanya yako haiko tena."