Gacheri na Lugha Iliyosema Ishirini

Kule mjini Maua msichana hapandi mti wa miraa. Kaka zake hupanda, yeye husimama chini, apokee vijiti vinavyorushwa na kuvifunga kwa majani ya mgomba. Gacheri alikulia hapo chini, na tabia ile ilimfuata hadi kwenye kompyuta.

Alijifundisha mwenyewe kuandika programu, kwenye mashine kuukuu yenye kelele kuliko kuku. Ila kila alipokwama alikimbilia mtandaoni, akaokota kipande cha programu ya mtu, akakibandika, kikafanya kazi. Majirani walimsifu. Sifa hizo zilimchoma, maana alijua si zake.

Ndipo akajitosa kutunga lugha yake mwenyewe ya kompyuta, tangu mwanzo, bila kuokota hata mstari. Akishindwa, alijiapiza, atauza mashine na kuacha kujidanganya.

Jaribio lenyewe lilikuwa dogo la kuaibisha: mbili jumlisha tatu mara nne. Kuzidisha hutangulia, jibu ni kumi na nne, hata mtoto wa shule anajua. Lugha ya Gacheri ikasema ishirini. Akarekebisha. Ishirini! Akainuka, akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akarudi. Ishirini tena, ufidhuli mtupu. Chai ikafurika jikoni akiitazama bila kuiona. Vidole vikamwasha kutafuta jibu la mtu, basi akaizima simu na kuifukia kwenye gunia la maharagwe.

Kwa hasira akafuta sehemu yote iliyokuwa ikikosea, akajiuliza nani amngoje nani. Alama ya kujumlisha ilikuwa na pupa, haikungoja mwenzake wa kuzidisha amalize. Akaiandika upya, ingoje.

Kumi na nne.

Hakuamini. Akatia mabano, akatunga hesabu ndefu za kichaa, akizunguka kiti baada ya kila jibu. Yote sawa. Furaha ikampanda ghafla hadi akaogopa.

"Gacheri! Kuja ushike hii!" Kaka yake Mutembei alikuwa mtini tayari.

Akaenda kusimama pale pale pa siku zote, lakini akafunga hovyo, majani yakafumuka, akili yake iko kwenye programu nyingine ngumu zaidi. Mutembei akashuka kumwangalia.

"Wewe ni mgonjwa?"

"Zii, si mgonjwa. Nimepanda."

Mutembei akatazama nyayo za dada yake, kisha mti.

"Ati umepanda? Nani alikuruhusu?"

"Sikuuliza mtu," alisema Gacheri, na tayari alikuwa anarudi ndani.