Ndugu Nkuba Amefaulu

Ubaruku, kule bonde la Usangu, siku zile ilikuwa na wachungaji wawili. Mmoja alikuwa Mchungaji Anania, aliyechunga kondoo wa Bwana, na kondoo hao hata wakipotea hakuna aliyekuja kudai fidia. Wa pili alikuwa Ndalahwa, Msukuma wa Shinyanga, aliyechunga ng'ombe wa kweli wenye kwato na njaa, na hao wakipotea walipatikana palepale, katikati ya mpunga wa mtu. Kwa hiyo ukisikia watu wa Ubaruku wanamtukana mchungaji, usikimbilie kuwahukumu. Uliza kwanza ni yupi.

Ndalahwa alishuka Usangu kwa miguu na kundi lake, na mbele ya kundi alitembea maksai mmoja mweusi, mwenye baka jeupe kwenye paji. Aliitwa Nkuba, yaani radi, na jina lenyewe lilikuwa uongo mtupu, maana mnyama mpole kama yule hujapata kumwona. Wakifika mtoni Nkuba ndiye aliyetangulia majini, wengine wakafuata. Ndalahwa alimpenda na hakuona haya kumsifu mbele ya watu. Mkewe pia Ndalahwa alimpenda, lakini hilo hakulitamka hata mara moja, hata ungemkaba koo.

Mke mwenyewe alikuwa Tekla, binti wa Mzee Kalinga wa Kihesa, kule Iringa. Mhehe, Mlutheri wa kuzaliwa, kafika darasa la nne, na mdomo wake haukuwa na breki. Alikuja Ubaruku kumsaidia shangazi yake kuvuna mpunga, akamkuta mwanamume mrefu amesimama shambani anaomba radhi kwa niaba ya ng'ombe, akamcheka, na yaliyofuata mnayajua. Mtoto akazaliwa, Roza. Ndoa ya kanisani ikawa hakuna. Na kanisa lile halikuwa na mchezo: aishiye na mwanamume bila baraka alitengwa. Hashiriki meza ya Bwana, mtoto habatizwi, na akina mama wa kwaya humsalimia kwa ncha ya vidole.

Mzee Kalinga hakuvumilia. Alimtuma dereva wa lori la mpunga na maneno haya: "Baada ya mavuno nakuja. Nikikuta ndoa imebarikiwa, nitakula na kucheza. Nikikuta bado, naondoka na binti yangu na mjukuu wangu."

Tekla alimtazama Ndalahwa. "Umesikia? Na mimi nitapanda lori, Baba Roza. Nimechoka kukaa benchi la nyuma kama mgonjwa wa upele."

Ndalahwa akakimbilia kwa Mchungaji Anania. Mchungaji alikuwa na mitaa mingi na baiskeli moja, na masika yakianza Usangu yote huwa ziwa. Kumfundisha mtu mmoja imani toka mwanzo? Hata! Akamwambia, "Soma kwa posta. Kule Mbeya kuna ndugu zetu wa Taa Mezani, wanafundisha kuomba, Maandiko na imani, bure kabisa. Unasoma, unajibu maswali, unatuma. Ukifaulu wanakupa cheti. Niletee hicho cheti, nakubatiza asubuhi na kubariki ndoa mchana."

Basi Ndalahwa akasoma. Kisomo cha watu wazima alikuwa amehitimu mwaka uliotangulia, maana yake aliweza kusoma gunia la mbolea pande zote mbili. Somo la kwanza liliitwa Jifunze Kuomba. Alihangaika nalo siku nyingi malishoni, jasho likimtoka, mpaka akafika kwenye swali lililouliza: Mkristo hufunga kwa nini?

Hapo akacheka peke yake kwa furaha. Hili alilijua! Akaandika: Ili wasiingie kwenye mpunga wa watu. Swali lililofuata: Akiisha kufunga, afanye nini? Akaandika: Akague kamba. Ndama hasa.

Majibu yakarudi na wino mwekundu: Umeshindwa. Ndugu, usifanye mzaha na mambo ya Mungu. Jaribu tena mwakani.

Tekla aliposoma alikaa chini. "Kufunga ni kuacha kula, Baba Roza!"

"Kuacha kula kwa nini? Chakula kimekwisha?"

"Kipo."

"Sasa kama kipo?"

"Ndiyo maana unaacha!"

Ndalahwa akatikisa kichwa. "Kweli gete, ninyi Wakristo mna kazi."

Lakini moyoni hakucheka. Mwakani! Mavuno yalikuwa yanakaribia, na kila lori likipita alimwona Tekla amepanda nyuma na mtoto mgongoni. Ndipo shetani, ambaye hasomi kwa posta, akampa akili. Kama Ndalahwa ameshindwa, si ajiandikishe mwingine? Akachukua karatasi mpya na kalamu, akainua macho kutafuta jina, na mbele yake alikuwa amesimama Nkuba, anacheua. Akaandika: Nkuba.

Sasa, Ndalahwa alikuwa mwongo wa kiasi. Kuiba jina la maksai aliona hakutoshi kumpeleka motoni, lakini kulitia jina hilo maneno ya mtu mwingine, hapana, huo ungekuwa uongo juu ya uongo. Akaamua kujibu kama Nkuba mwenyewe angejibu. Na ajabu ni kwamba safari hii kalamu iliteleza.

Eleza maisha yako ya zamani. "Nilizaliwa Shinyanga. Nilichomwa chapa kwa moto. Nikaja Usangu kwa miguu."

Una mke na watoto? "Nilihasiwa ningali kijana."

Una mzigo gani? "Plau. Nimechoka lakini sina wa kumwambia."

Wewe hufunga? "Mimi sifungi. Mimi hufungwa, kila jioni, wala silalamiki."

Unamtumaini nani? "Yule anayenifungulia asubuhi."

Kule Mbeya, Mwalimu Andendekisye, Mnyakyusa mnene mwenye moyo laini, alisoma majibu hayo akavua miwani. Alikuwa amesahihisha maelfu ya karatasi za watu walionakili aya bila kuelewa. Lakini huyu! Amefungwa kama mtume Paulo! Amejifanya towashi kwa ajili ya Ufalme! Akampa alama zote, na chini akaandika: Ndugu Nkuba, tumelia hapa ofisini.

Barua za Ndalahwa zilipitia sanduku la posta la kanisa, kwa hiyo Mchungaji Anania ndiye aliyekileta cheti, akipiga kengele ya baiskeli tangu mbali. "Hongera, Mama Roza! Mumeo amefaulu! Kumbe jina lake la nyumbani ni Nkuba? Mbona hamkuniambia?"

Tekla alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama. Alimtazama mchungaji, akamtazama mume wake, akalitazama zizi. "Ndiyo, Mchungaji," akasema taratibu. "Nkuba ana akili sana."

Mchungaji alipoondoka, Tekla aliyachukua yale majibu yaliyorudi pamoja na cheti akayasoma yote, akayasoma tena. Ndalahwa alisubiri kupigwa na ungo. Badala yake mwanamke alianza kulia, na hilo lilimtisha zaidi.

"Nimechoka lakini sina wa kumwambia," Tekla akasoma. "Hii ni ya maksai, hii? Kila siku nakuuliza, Baba Roza umechoka? Unasema yaya, sijachoka. Una wasiwasi? Yaya. Unanipenda? Unaenda kukagua kamba! Maneno yote ya moyoni unampa ng'ombe!"

"Tekla, nilitaka tu usiondoke."

"Ungeniambia hivyo hivyo!" Akajifuta machozi, na hasira ikarudi mahali pake. "Sawa. Mchungaji ameshaandika kwamba nitaolewa na Nkuba. Hapa nyumbani hawawezi kuwapo Nkuba wawili. Chinja mmoja."

"Tekla!"

"Si amefaulu? Si ameokoka? Aliyeokoka haogopi kufa. Na nikusikie unadanganya tena siku ya harusi, mara moja tu, napanda lori na baba yangu, baraka au si baraka."

Jamani, mwanamke huyo hakuwa mkatili. Alikuwa ameumia, na aliyeumia hutafuta mahali pa kuumiza. Ndalahwa aliomba atoe majike mawili badala ya maksai mmoja, akakataliwa. Ikawa Nkuba au Tekla.

Asubuhi ya harusi Ndalahwa mwenyewe alikwenda zizini, akalegeza kamba. Nkuba akamfuata bila kuvutwa, akidhani wanaenda kulima. Ndalahwa akaweka kiganja kwenye lile baka jeupe. Somo zima la kuomba lilimtoka kichwani, akasema tu, "Mungu, huyu alikuwa mwema kwangu. Mpokee vizuri." Kisha akageuka, kwa sababu kisu alikishika mwingine. Alilia njia nzima mpaka kanisani, na Mchungaji Anania akatangaza kwamba hayo ni machozi ya toba.

Akabatizwa, ndoa ikabarikiwa, watu wakakaa kula. Mzee Kalinga, aliyefika na lori lake toka Iringa, alikuwa na sahani mbili. "Kamwene, mkwe!" alisema mdomo umejaa. "Nyama laini hii, laini kabisa!" Ndipo lori jingine lilipomshusha Mwalimu Andendekisye, kajaa vumbi, na Biblia mpya ya zipu kwapani. Katika Ubaruku mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Akakalishwa mbele, akaletewa wali na ini, akakibariki chakula kwa maombi marefu, akala kwa heshima zote. Kisha akasimama.

"Ndugu zangu, nimetoka Mbeya kumletea zawadi mwanafunzi wetu bora. Yuko wapi Ndugu Nkuba?"

"Huyu hapa!" akasema Mchungaji Anania, akimwonyesha bwana harusi. "Nimembatiza leo leo!"

Mwalimu akamtazama bwana harusi. Akamtazama bibi harusi. Akamtazama Roza, aliyekuwa na sura ya Ndalahwa kabisa. Akamwinamia mchungaji kumnong'oneza, lakini alikuwa mtu wa besi, na mnong'ono wake ulisikika mpaka jikoni. "Mbona aliniandikia kwamba alihasiwa?"

Mzee Kalinga akaacha kutafuna. "Nani kahasiwa?"

Kwaya nzima ikageuza shingo. Mwalimu, kwa aibu, akatafuta neno lolote la kusema, akaona sahani ya bwana harusi haijaguswa. "Na mbona huli, ndugu yangu?"

Ndalahwa alimtazama Tekla. Nyuma ya Tekla lilikuwa limeegeshwa lori la Kihesa. Neno moja la uongo lingetosha: ndiye mimi, Mwalimu, mengine yalikuwa mafumbo. Kila mtu angepumua na kurudi kwenye nyama, isipokuwa Tekla.

"Nimefunga," akasema.

Uso wa Mwalimu ukang'aa. "Siku ya harusi yako! Unafunga kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya Nkuba. Mimi ni Ndalahwa, Mwalimu, nilishindwa lile somo. Yale majibu ni ya maksai wangu. Na yale ya kuchoka yalikuwa yangu." Akaonyesha kwa kidole. "Nkuba ni huyo hapo sahanini kwako."

Mwalimu Andendekisye akaliangalia lile ini, akakaa taratibu, Biblia mapajani. Mchungaji Anania akafumba macho, haijulikani kama aliomba. Mzee Kalinga akafikiri kidogo, akavuta sahani yake karibu. "Mimi sijafunga," akasema.

Tekla akasukuma sahani yake mbele. "Na mimi nimefunga," akasema, akaushika mkono wa Ndalahwa mbele ya kwaya nzima, na wala hakuuachia.

Lori likarudi Kihesa jioni ile na Mzee Kalinga peke yake, ameshiba.