Siku Damu Ilipasuka

Wacha niseme mwenyewe kabla rafiki yangu Lemayian hajanisemea: mimi ndiye nilitoboa ukuta wa silanga, na nilitumia mwiko wa Mama.

Enzi zetu, nikiwa darasa la tatu (sasa niko kidato cha tatu, kwa hivyo niheshimuni kama mzee), nyuma ya ploti yetu hapa Kitengela kulikuwa na silanga, bwawa la kuchimbwa lenye ukuta wa udongo. Mvua ikipita, maji yalitulia mpaka mawingu yakashuka kuoga. Ng'ombe wa kina Lemayian walikunywa mawingu. Sisi tuliteleza ukutani tukikalia kipande cha mtungi wa plastiki, matope yakinukia hadi unatamani kuyalamba. Nililamba. Watoto wa siku hizi wanateleza kwa simu tu, kinachochoka ni kidole.

Siku hiyo nilitaka maporomoko yangu mwenyewe. Nikachimba kamfereji juu ya ukuta, upana wa kidole. Maji yakapita yakiimba, tukaachilia ndala zetu zielee, tukaduwaa. Mara udongo ukaanza kumeguka. Kidole kikawa mkono, mkono ukawa mlango.

Lemayian akanong'ona, "Wee Kevo, hayo ndiyo maji ya ng'ombe ya kiangazi yote."

Nikakimbia nyumbani nikipiga nduru. "Mama! Damu imepasuka! Damu inatoka yote!"

Nilimaanisha dam ya Kiingereza, ile silanga; sisi watoto wa ploti tuliitamka damu. Mama akatoka na leso ya kufunga kidonda, majirani wote nyuma yake, mmoja amebeba maji ya chumvi.

"Nani amekatwa? Wapi?"

Nikaonyesha ukuta. Hakuna aliyecheka. Baba Lemayian, aliyeitwa na mwanawe, alikuwa amekaa ndani ya pengo, akizuia maji kwa mgongo.

"Leteni magunia!"

Wamama wakajaza udongo, wakapanga, wakakanyaga. Gunia la mwisho Mama alilifunga mdomo kwa ile leso. Maji yakabaki nusu, rangi ya chai, yametulia kama hayajui kitu.

"Ashe oleng, Mama Kevo," Baba Lemayian akashukuru, akikamua shati. "Kijana angeita maji, nani angekuja?"

Siku hizi silanga imezungushiwa seng'enge, na ndugu yangu mdogo anadhani mawingu hukaa juu pekee. Namhurumia. Lakini pia hajawahi kutembea na Mama kurudi nyumbani jioni kama ile, ule mwiko mkononi mwake, mpaka mlangoni, pale Mama aliponiambia:

"Siku ingine ukiniitia damu, kuja na kidonda. Ukikosa, nitakutengenezea."