Bahasha Moja ya Baba Mkubwa

Baba mkubwa hakutaka kuitwa mkimbizi. Hilo ndilo lililotumaliza, na hadi leo siwezi kulisema bila sauti kupanda.

Alikuwa kaka ya baba yangu, na ndiye aliyenilea. Alikuwa na maboti mawili ya mbao yenye moteri, yakipeleka mawese na ndagala, yaani dagaa, kutoka Baraka kwetu Kongo hadi Kigoma ng'ambo ya ziwa na kurudi na chumvi, sabuni na vitenge. Baada ya mauaji ya Makobola, kijiji cha jirani, watu wengi wa Baraka walivuka ziwa wakaingia kambini upande wa Tanzania, wengine kwa maboti yake mwenyewe. Alisimama mchangani akiwatazama wakipandisha magodoro yao, akasema, "Mi siwezi kula unga wa kupimiwa na kikombe. Kama ni kutoka, nitatoka kama muntu wa biashara."

Alikuwa amesikia kwa wenzake wa Kigoma kwamba kuna nchi moja ya baridi, inayosema Kifaransa, ambayo hupokea watu wenye mali wanaotaka kuhamia na kufungua biashara huko. Akaamua kuomba. Wakati huohuo binti yake, ambaye kwangu ni dada, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha nchi hiyohiyo kusomea mambo ya dawa. Padri mmoja alimsaidia kuandika. Kilichobaki kilikuwa viza ya mwanafunzi.

Mimi nilikuwa miguu ya shughuli hiyo. Shule niliiacha mapema, kwa sababu sikuweza kukaa kwenye benchi huku maboti yanaondoka. Baba mkubwa aliniita "mutembezi", na safari hii matembezi yangu yakapata kazi. Nilipanda hadi Fizi kutafuta hati zao za kuzaliwa, nikipita vizuizi vya watu wenye bunduki ambao waligeuza kila karatasi juu chini kana kwamba kuna kitu kingedondoka. Bureau ya hati haikuwa na mlango. Karani aliandikia juu ya gunia la mihogo, na muhuri aliutoa mfukoni, kwa kuwa alilala nao.

Nilisoma kila nilichobeba. Kifaransa changu ni cha kuokota, lakini kinanitosha. Dada aliandika kwamba akimaliza masomo atarudi Baraka kufungua duka la dawa, na kwamba baba yake ana biashara inayomngoja. Alikuwa ameshanionyesha hata mahali penyewe, kando ya soko. Baba mkubwa aliandika kwamba anahama na mke, watoto na mali yake yote, na kwamba Baraka hatakuwa na mtu wala kitu cha kurudia. Kila mmoja alikuwa anasema kweli.

Kwetu msichana haendi mbele ya wageni peke yake. Akitolewa nyumbani, iwe kwa ndoa au kwa kazi, mkubwa wake hutangulia na kumsemea, ili upande wa pili ujue kwamba ana wenyewe na hawezi kuonewa. Basi siku dada aliposema kwamba ombi lake litaenda kando na la baba yake, baba mkubwa aliuacha mkono wake ndani ya bukari, ugali wetu wa mihogo.

"Kando na nani?"

"Kando tu, baba. Yangu ni ya masomo."

"Waseme mutoto huyu ametoka wapi? Hana benyewe?"

"Kule habaulizake mambo ya benyewe, baba."

"Leo watajua."

Akazitia barua zote mbili za maombi katika bahasha moja, yake juu, ya dada chini. Nilivuka nayo ziwa, nikapanda treni Kigoma hadi Dar es Salaam, nikaikabidhi kwenye dirisha la ubalozi. Yule aliyeipokea alinishukuru vizuri sana.

Jibu la dada lilitangulia, likapitia kwa padri. Waliandika kwa adabu. Hawakuamini kwamba atarudi nyumbani baada ya masomo, kwa sababu baba yake mwenyewe alikuwa ameandika kwamba nyumbani hapatabaki mtu.

Padri alisema bado kuna njia. Baba mkubwa aliondoe ombi lake, dada aombe upya kabla chuo hakijafunguliwa, kisha yeye baba aje kuomba baadaye.

"Yaani mutoto atangulie, mi nibaki kuchunga maboti?"

"Kwa muda tu, mzee," padri akasema.

"Na vita ikirudi kesho?"

Hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Dada alitoka nje akaanza kuosha sufuria iliyokwisha oshwa. Nikasema, "Baba mkubwa, andika tu kwamba umeahirisha."

"We uliyekimbia shule ya msingi, ndiye unanifundisha kuandika?"

Tulicheka wote. Dada pia alicheka kule nje, kisha akaacha.

Hakuliondoa. Chuo kilifunguliwa bila dada. Muda si mrefu watu wenye bunduki walikuja wakachukua boti moja, likaelekea rasi ya Ubwari, na hatukuliona tena. La pili walilifungua moteri, wakalichoma palepale mchangani. Ombi lote la baba mkubwa lilisimama juu ya maboti hayo. Hatukusubiri jibu.

Wale waliokula unga wa kikombe walikaa kambini miaka, kisha wakaanza kuitwa. Walipandishwa ndege na watoto wao hadi nchi za baridi, bila maboti wala diploma. Siku hizi hutuma picha wamevaa makoti mazito. Baba mkubwa huishika simu mbali na macho, akatazama kwa muda, akasema, "Huyu amenenepa," akairudisha.

Nami sijakaa mahali. Kila nikipita Baraka huenda kando ya soko, palepale dada aliponionyesha. Dada ana meza na mwavuli. Anauza dawa bila kuzisomea, na vidonge huvikata kwa mkasi kimoja kimoja, maana watu hawawezi kununua pakiti nzima. Mara ya mwisho nilimwuliza kama bado huwa anafikiria mambo yale.

"Si niliandika nitakuwa hapa?" akasema, bila kuinua macho.

Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa baba mkubwa. Hukaa hapo tangu asubuhi hadi meza ifungwe. Hauzi kitu, wala hagusi dawa. Anataka wateja wajue kwamba binti yake ana wenyewe.