Mbuzi Kwanza, Mfalme Baadaye

Sisi tuliokulia Kikula, hapa Likasi, wakati televisheni moja ilitosha majirani wote wa upande wetu wa barabara, tunajua mambo ambayo vijana wa leo hawayajui, na sioni haya kuyasema. Tunajua baridi ya asubuhi za Julai, ile inayouma vidole mpaka unashindwa kufunga vifungo vya sweta. Tunajua harufu ya makaa yakiwashwa kwenye mbabula, jiko letu la bati, uani, na vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya kabati iliyofungwa. Tunajua kula bukari ya moto, ugali wetu, na samaki wa ziwa Tshangalele, mikono yote kwenye sahani moja, mkubwa akikukodolea macho usije ukagusa kichwa cha samaki kisicho chako. Na tunajua kugombana juu ya jambo moja likizo nzima bila mtu yeyote kutoka chumbani.

Mwaka nilipomaliza shule ya msingi, mjomba wetu Faustin alipita nyumbani na lori lake. Alikuwa dereva wa masafa marefu, wa kwenda Zambia na kurudi, na safari ile alikuwa amebeba mashine ya michezo ya televisheni aliyowanunulia watoto wake wa Kolwezi. Kwa kuwa zamu yake ya kwenda Kolwezi ilikuwa bado mbali, alituachia sisi.

"Muichunge muzuri," alisema akiiweka juu ya meza. "Masomo ikianza, miye nitapita kuibeba. Batoto bangu banaingoja."

Ilikuja na mchezo mmoja tu. Lakini mchezo wenyewe ulikuwa nchi nzima, na milima yake, mito yake, vijiji vyake, na kijana mmoja mwenye mkuki ambaye unamwongoza wewe. Mwanzoni kabisa mfalme anakuita jumbani, anakuomba uende ngomeni ukamwokoe binti yake mikononi mwa jitu. Baada ya hapo anakuacha. Mlango unafunguka, na dunia yote iko mbele yako. Ukitaka, unakwenda ngomeni moja kwa moja. Ukitaka, unashika njia ya ziwani, au ya msituni, na kila unapopita kuna mtu ana shida yake: mjane amepotelewa na mbuzi, mvuvi ameibiwa nyavu, mhunzi anataka jiwe la pangoni. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Sisi tulikuwa na Kifaransa cha shuleni na Kiswahili chetu, basi tulielewa kwa picha na kwa kubahatisha. Lakini yule mjane alipojishika kichwa kwa mikono miwili, hatukuhitaji mkalimani.

Tatizo lilikuwa kadi ya kuhifadhia mchezo. Ilikuwa moja, na nafasi yake ilitosha safari moja tu. Kwa hiyo mimi na kaka yangu mkubwa, yaya Trésor, hatukuweza kwenda kila mtu njia yake. Ilibidi tukubaliane tuanze na lipi, lipi lifuate, lipi tuliache.

Hatukukubaliana hata siku moja.

"Mufalme njo alitutuma," Trésor alisema. "Tunaenda ku ngome, tunapiga lile jitu, tunamaliza."

"Na ule mama wa mbuzi?"

"Ule mama ni wa mu televizyo, Bea!"

"Na mufalme naye ni wa wapi?"

Alikuwa na haraka yake. Alitaka binamu zetu wa Kolwezi, siku wakipata mashine yao, wasikie kwamba mchezo umeshamalizwa Likasi. Tena umeme ulikuwa ukikatika bila hodi, na kwa hesabu yake kila nukta tuliyokaa kwa mjane tuliiiba kwenye safari ya ngomeni.

Nyumba nzima iliingia katika ugomvi huo. Mama alikuwa na utaratibu wake: "Maji kwanza. Sahani kwanza. Kufagia kwanza. Kisha mutaona huyo mufalme yenu." Kwa mama kila kitu kilikuwa kwanza, sijawahi kusikia jambo la pili katika nyumba ile. Baba, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani na kurudi na baiskeli akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, alimuunga mkono Trésor. "Chef akikutuma, unaenda," alisema. "Hauanze kutembea-tembea mu njia."

Mimi nilikuwa na Kambo, nyanya yetu mzaa baba. Alikaa kwenye mkeka wake kando ya ukuta, akibambua karanga, macho kwenye televisheni. Siku ya kwanza aliniuliza, "Uyu mufalme, eko na baaskari?"

"Ndiyo, Kambo. Bengi."

"Basi atume bale. Ule mama eko yeye peke yake."

Kwake mjadala ulikuwa umekwisha. Tangu siku hiyo, kila Trésor alipompitisha kijana wetu mbele ya nyumba ya mjane bila kusimama, Kambo aliguna kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia. "Unapita tu? Hata kusalimia?" Trésor alikuwa akijibu kwamba hakuna kitufe cha kusalimia. Kambo hakuamini.

Basi asubuhi Trésor alimpeleka kijana upande wa ngome, na mchana mimi nilimrudisha vijijini. Maskini yule kijana alitembea sana bila kufika popote.

Halafu ikaja Jumamosi moja nilipokwenda sokoni na mama. Tuliporudi, nilimkuta Trésor ameketi chini, uso umemshuka, manette, kile kishikio cha kuchezea, imelala magotini. Alikuwa ameingia ngomeni. Kambo alimwambia asiingie, naye akajifanya hasikii. Aliingia, lango likajifunga nyuma yake, na kwa furaha yake akahifadhi mchezo papo hapo, juu ya safari yetu. Kumbe lango lile halifunguki tena mpaka jitu lianguke. Na jitu halikuanguka. Lilimpiga kijana wetu pigo moja, akalala. Akaamka palepale ndani, akapigwa tena, akalala tena. Hatukuwa na dawa. Mkuki wetu ulikuwa uleule tuliopewa jumbani siku ya kwanza, kama wa kuchomea panya.

Jumapili, tuliporudi misani, Trésor alijaribu mpaka vidole vikamvimba. Wenzake walimwita mpirani, hakwenda. Nilimhurumia, lakini nilichokuwa nacho kifuani hakikuwa huruma tupu. Nilikuwa na hasira. Nchi yote ile, mito yote, watu wote waliokuwa wakitungoja, na sisi tumefungiwa katika chumba kimoja tunapigwa.

"Tunafuta," nilisema. "Tunaanza upya."

Trésor aliikinga mashine kwa mkono. "Hapana! Kazi yote ile?"

Baba alikuwa mlangoni, ametoka zamu ya Jumapili, anavua viatu vya kazi. "Mukianza upya leo," alisema, "hamutamaliza. Masomo iko karibu."

Katika nyumba yetu baba hakujibiwa. Akisema, imekwisha. Sijui siku ile nilipata wapi mdomo. "Sawa, baba," nilisema. "Hatutamaliza. Lakini tutatembea."

Mama alitokeza kichwa kutoka uani kuona ni mtoto gani amejibu. Mimi nilisimama vilevile, sikuinamisha macho. Na Kambo akaanza kucheka, akacheka mpaka sinia la karanga likapinduka. Baba alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akaingia chumbani kubadili nguo. Hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana.

Trésor ndiye aliyebonyeza kitufe cha kufuta. Alitaka afanye mwenyewe, nami nilimwachia.

Siku zilizofuata ndizo ninazozitamani hata leo. Tulianza na mbuzi. Mmoja alikuwa juu ya jabali, mwingine amenasa kwenye matete ya ziwa, mwingine alikimbia kila tukimsogelea, na chumba kizima kikapiga kelele, "Pole pole! Pole pole!" Majirani walianza kuja na vigoda vyao. Trésor, yule wa ngome ngome, aligundua ana kipaji cha kupiga mbizi na kutafuta nyavu za mvuvi, na mtu asingemwambia kitu. Mhunzi wa pangoni alitupa mkuki mpya uliong'aa kama shaba iliyotoka kusafishwa. Trésor alinitazama kana kwamba nilijua. Sikujua. Ningekwenda pangoni hata kama malipo yake yangekuwa asante tu. Baba alirudi kazini jioni moja, na kabla ya kuomba maji ya kunawa aliuliza, kama mtu asiyejali, "Ule mbuzi wa ku kilima, bado?"

Mbuzi wa mwisho alipoingia zizini, mjane alicheza. Ndiyo, walikuwa wamemchorea ngoma yake, mabega na miguu. Kambo alipiga vigelegele. Mama alikuja mbio na povu la sabuni mikononi akifikiri kuna msiba, akabaki anatazama, maji ya sahani yakapoa uani bila mtu wa kuyafikiria.

Tulikuwa bado mbali na ngome lori la mjomba Faustin lilipopiga honi nje.

"Sasa," alituuliza akikunja nyaya, "mulimaliza?"

Nilimtazama Trésor. Ndiye aliyekuwa na haja ya kumaliza. Alivuta kamasi, akainua kidevu. "Hapana, mjomba. Lakini kule bantu bote banatujua."

Mpaka leo sijui jitu lile linaangukaje, wala binti wa mfalme ana sura gani. Mwaka uliofuata binamu zetu walitupasha kwamba wao walimaliza upesi sana. Niliwauliza habari za mjane. "Mujane gani?" walisema. Niliwaonea huruma, na sikuificha.

Tangu hapo nimeambiwa mara nyingi nianze wapi maishani. Maliza chuo kwanza, olewa kwanza, jenga kwanza. Nilianza na cherehani, nikazaa, kisha nikarudi chuoni na mtoto mgongoni, na wenye kusema walisema. Kambo hakuwepo tena kucheka, basi nilicheka mwenyewe.

Sasa watoto wa Trésor wanakuja kwangu, kila mmoja na simu yake. Juzi mkubwa wao, Glody, alikuwa akicheza mchezo wa aina ileile, mzuri kuliko wetu mara elfu, majani yanatikisika kwa upepo. Lakini kabla ya kupiga hatua alikuwa akifungua video ya mtu fulani wa nchi za mbali anayemwambia aanze na lipi, la pili lipi, lipi aruke. Kando ya njia alisimama mzee mmoja anapunga mkono.

"Na huyu?" nikamuuliza.

"Tantine, hiyo mission haina faida. Banasema uiache."

"Nani banasema?"

Alinyoosha kidole kwenye video.

Vijana hawa wana umeme wa betri, wana nafasi ya kuhifadhi safari zote za dunia, wanamaliza kila kitu. Wanamaliza Jumatatu, Jumanne wameshasahau. Wanakaa sebuleni kwangu bega kwa bega, masikio yamezibwa, na hakuna hata mmoja anayemuuliza mwenzake unakwenda wapi. Sisi tulikuwa na skrini moja yenye mistari, tukipigania kila njia panda, na naweza kukutajia mpaka leo nani alisimama upande gani. Wanaita hiyo shida. Mimi naitamani.

Kwa hiyo nimeweka sheria, na mama yao akanuna, akanuna tu. Jumamosi kwangu simu zinakwenda kabatini. Nimewatafutia mashine kuukuu, manette moja, hakuna video ya kuongoza mtu. Jumamosi iliyopita Glody alitaka kwenda mlimani, mdogo wake akasema mtoni kwanza kuna mtu anaita, wakavutana, sauti zikapanda mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Nilimjibu hakuna kitu. Nikaenda kusonga bukari, nikawaacha waendelee.