Wimbo Ambao Haukujibiwa

Hapana, si kanisa lilininyamazisha. Najua hujaniuliza bado, lakini umefunga hiyo laptop nusu ukaniangalia vile mama yako huniangalia akitaka kitu, basi nimekujibu mapema chai isipoe. Watu wote hapa Migwani husema mimi Susu, nyanya yako, niliacha kuimba juu ya pasta. Pasta mwenyewe anaamini hivyo. Husimama pale mbele na ile sauti yake ya puani, "Bwana asifiwe, huyu mama alikuwa anaimba za dunia, leo anaimba za mbinguni." Mimi namwacha afurahi. Hata hizo za mbinguni nafungua tu mdomo.

Mwanangu, tangu asubuhi nimekaa hapa nikisikia unapanga masomo ya hao watoto wako. Unasoma kwa nguvu kama karani wa chifu. "Wiki ya kwanza, midundo. Wiki ya pili, mwimbishaji na waitikiaji. Wiki ya tatu, projekti. Wanafunzi wa kidato cha pili waende kwa wazee, watafute wimbo wa kazi, warekodi, wafundishe wenzao." Ni vizuri. Unapanga kuliko baba yako, ambaye hata harusi yake alifika wageni wakiwa wameshakula. Lakini sasa umesema utawatoa watoto huko Ikutha na basi ya shule uwalete mpaka hapa kwangu na simu zao, niwaimbie za mwethya. Weka hiyo kikombe chini nikuambie.

Mwethya wewe umeijua kwa vitabu. Sisi tulikuwa wanawake wa kijiji kimoja, leo tunachimba matuta kwa shamba la huyu, kesho kwa yule, ili mvua ikikuja isibebe udongo wote mpaka mtoni. Jembe likipanda na kushuka tangu asubuhi, mikono inakataa, kwa hivyo lazima mtu aimbishe. Kwetu aliimbisha Mutile. Mwanamke mwembamba kama mwiko, sauti ya dume. Na ukichelewa, Mutile hakukuuliza ulikuwa wapi. Alikuweka ndani ya wimbo, na jina lako. "Mbithe amefika saa hii, kitanda kilimshika mguu." Na sisi wote, "Kilimshika." Majembe yanapanda, yanashuka. "Kilimshika." Ukicheka, tuta linaisha bila wewe kujua.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna mahali liliandikwa. Ukishaimbwa, unapewa nafasi ya kujibu kabla watu hawajabeba majembe kwenda nyumbani. Mbithe angerudisha, "Mutile ana haraka, bwana yake amemfukuza kitandani," tunacheka mara ya pili, imeisha, kila mtu anaenda kupika. Mama mkwe wangu ndiye alikuwa anachunga hiyo maneno. Mzee mfupi, hata hakuimba vizuri. Alikuwa anasimama mwisho wa tuta anauliza kwa sauti ya kuchoka, "Amejibu?" Kama hajajibu, tunangoja.

Nakumbuka siku moja peke yake kuliko zingine zote, na ilikuwa mwaka wa njaa. Nilikuwa bado bibi harusi, unaweza kusema. Mahindi ya msaada yalikuwa yanagawiwa wenye kuchimba, kwa mkebe. Jirani yangu Ndinda, tuliolewa msimu mmoja, alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani, anaitwa Mumo. Mtoto alikuwa amebaki macho tu. Wakati wa kupima, mtu akamwona Ndinda amechota mahindi kiganja kimoja akaficha kwa kitambaa cha kichwa. Hakumshika. Alimwambia Mutile.

Mutile akaanza polepole. "Ndinda, kuku wako ametaga kichwani." Hatukujua inaenda wapi. "Ndinda, fungua kitambaa tuhesabu mayai." Hapo tukajua. "Tuhesabu," tukaitikia wote. Kwa Kikamba inauma zaidi, lakini sitakuimbia, nimekuambia tu maneno. Ndinda alisimama na jembe. Tulikuwa tunacheka, mwanangu. Tulikuwa na njaa sana na tulikuwa tunacheka. Akafungua kitambaa, akarudisha mahindi kwa mkebe mbele ya watu, akaenda nyumbani kichwa wazi.

Mama mkwe wangu akasema, "Hajajibu."

"Atajibu kesho, mama," Mutile akasema, anapanguza jasho.

"Basi huo wimbo ubaki hapa shambani. Mtu asiende nao nyumbani mpaka huyo mtoto wa watu ajibu."

Kesho yake majembe yetu yalichimba mahali pengine, padogo. Mumo alikuwa amekufa usiku. Na nani angemwambia mama wa maiti, njoo ujibu wimbo? Ikabaki hivyo. Hatukuimba tena huo wimbo, hata Mutile hakuthubutu mbele yetu. Ndinda baadaye aliokoka, akabatizwa Rebeka, na kila mtu akamwita Rebeka mpaka lile jina lingine likatoka midomoni. Alizaa wengine. Akazeeka kama mimi. Akabaki na mjukuu, msichana anaitwa Kamene, ambaye mama yake alikufa akimwacha mdogo. Rebeka alimlea huyo mtoto kama kitu umeokota ukiogopa mwenyewe atakuja kukichukua.

Lakini Mutile alikuwa ameenda na ule wimbo nyumbani. Akichambua mbaazi peke yake, aliuimba chini chini, na binti yake wa mwisho, Kanini, akaushika kama vile watoto hushika vitu. Hakujua ni wa nani. Hakujua Ndinda ni mtu.

Sasa ndio akaingia mwalimu. Siku hizi hizi, si zamani. Alikuja kufundisha muziki hapa sekondari, kijana mzuri, Mwalimu Mutinda, suruali imemkaba utafikiri alizaliwa nayo. Aliita wazazi akatuambia, "Wazazi wetu, muziki ni somo, si mchezo. Mtoto anaweza kuajiriwa na muziki." Na alipanga, mwanangu. Alipanga kama wewe. Wiki hii ngoma, wiki hii filimbi, wiki hii kusoma zile nukta zenu zenye mikia. Mwisho akaweka projekti, hiyo hiyo yako, watoto waende vijijini watafute wimbo wa kazi.

Wakati huo mimi nilikuwa mjini Wote kwa shangazi yako, natibiwa macho. Ningekuwa hapa wangekuja kwangu, na ningewafukuza na ufagio. Walienda kwa Kanini. Kanini akafurahi kuona simu tano zimeelekezwa kwa mdomo wake, akatoa ule wimbo wote, na jina ndani.

Mwalimu akausikia akaona ni dhahabu. Una mwimbishaji, una waitikiaji, una mdundo wa jembe. Akauandika ubaoni. Watoto nao, unajua watoto wa siku hizi, "Ticha, hii ni noma, wacha tuifanyie drama, mwizi aingie na kitambaa, mahindi yamwagike." Mwalimu akasema sawa, ubunifu una alama zake. Na nani awe mwizi? Kamene. Kwa sababu hakuna mtu shule nzima alijua kuchekesha kama Kamene. Huyo angeweza kuiga hata kuku wa jirani. Alikuwa amechagua muziki aufanyie mtihani wa mwisho, na Rebeka alikuwa anauza ndengu zake zote ili huyo mtoto asikose kitu. Kamene akaenda nyumbani akaomba, "Susu, niazime kitambaa chako kizuri, ni cha projekti, lakini sikuambii, utaona siku ya wazazi." Rebeka akampa kile cha kanisani. Alinionyesha hata vile alikipiga pasi.

Siku ya wazazi mimi nilikuwa nimerudi. Tulikaa pamoja, Rebeka na mimi, viti vya plastiki, chini ya tenti. Kwaya ikaimba, mgeni wa heshima akaongea mpaka watu wakasinzia. Halafu watoto wakaingia na majembe mabegani. Mstari wa kwanza, nikafikiri masikio yangu yamefuata macho. Mstari wa pili, Rebeka akaweka mkono kwa goti langu. Hakunishika. Aliuweka tu hapo, mzito, kama kitu amesahau.

Kamene akatokea na kitambaa kichwani. Anatembea kama kuku mwenye yai, anaangalia huku na huku. Wakamfungua, mahindi yakamwagika, na watu wakacheka, mwanangu, chifu akatoa leso akapanguza machozi. "Tuhesabu," watoto wanaitikia. "Tuhesabu." Na Kamene, wakati huo wote, alikuwa anaangalia upande wetu. Alikuwa anataka kuona kama Susu wake anacheka.

Sitakuambia Rebeka alisema nini sasa hivi. Nikishasema sitaongea tena leo, najijua. Wacha kwanza nikuambie lile la kazi yako.

Huyo mwalimu hakuwa mbaya. Alihesabu kila kitu ndani ya huo wimbo isipokuwa mtu. Wewe kwa hiyo skimu yako ya masomo, kabla ya midundo, kabla ya kugawa nani aimbe sauti gani, weka siku moja watoto wakae chini na wimbo waulize. Huyu ametajwa ni nani? Ako hai? Watu wake wanakaa wapi? Alijibu, au alinyamaza? Waende kwake kwanza, bila simu, wabebe hata sukari. Akikataa, wimbo urudi ulikotoka, na usiwape alama mbaya kwa kurudi mikono mitupu. Na kama mtu alikufa bila kujibu, basi hiyo ndiyo iwe projekti yenu. Watoto wamtungie jibu lake, waliimbe la kwanza, ndio ule wimbo ufuate. Najua utaniambia wakati hautoshi, muhula ni mfupi, mkuu wa shule anataka kombe. Mwambie huyo mkuu aje anione.

Na usidhani mtoto anayechekesha hana kitu cha kuvunjika. Kamene aliacha muziki wiki hiyo hiyo. Alienda kuishi na mjomba wake upande wa Makueni, akamalizia shule huko, na Rebeka alibaki akipika chakula cha watu wawili. Mwalimu Mutinda aliomba uhamisho. Ngoma ziko stoo ya shule mpaka leo, panya wamekula ngozi. Tulipomzika Rebeka, Kamene alikuja, akakaa nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chakula.

Lete mikono yako hapa, nikutemee mate kidogo kama wazee walivyonifanyia, usikunje uso, ni mate tu. Mungu akupe masikio kabla hajakupa sauti. Watoto unaofundisha waimbe na warudi nyumbani kwa watu wao wakiwa wazima. Usikose mvua, usikose mtu wa kukujibu.

Sasa. Pale chini ya tenti, kelele za kupiga makofi zikatulia. Mwalimu akachukua maiki, anacheka, jasho linamtoka, akasema na ile sauti yake ya redio, "Tumwite Susu wa nyota wetu atuambie, huyu Ndinda wa zamani alikuwa mtu wa aina gani?" Kamene mwenyewe akakimbia akamletea Susu wake maiki, mahindi bado yamemshika kwa nywele. Rebeka akasimama. Hakulia. Akaishika maiki mbali na mdomo, kama mtu amepewa kitu moto, akamwambia huyo mtoto, si watu:

"Huyo mwizi ni mimi. Na mtoto alikufa tu."